Mvua ya Ndani ya Nyumba

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu tarehe 19 Aprili 1948, Nakhungu alisimama mlangoni pa nyumba ya baba yake, upande wa Kibomet, nje ya mji wa Kitale, akatoa mguu mmoja nje ili mvua iunyeshee. Shangazi yake alimshika kiunoni akamrudisha ndani. Ilikuwa mara ya tatu tangu kupambazuke.

Mtoto alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi mitatu. Shangazi, Wilkista, alikuwa mjane wa miaka thelathini na mmoja, dada mkubwa wa Eliakim Wabwile mwenye nyumba. Aliletwa kutoka Bungoma kwa lori mwezi uliotangulia, siku ile ile Nasimiyu, mke wa Eliakim, alipopanda lori la kwenda Bungoma kwa mama yake kujifungua. Wanawake hao wawili walipishana njiani bila kuonana.

Alhamisi iliyotangulia, Rotich, dresa wa zahanati, aliweka sikio mgongoni pa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba pafu la kulia lilikuwa bado halijapona. Aliacha vidonge na agizo moja: kwa siku kumi mtoto asiguswe na mvua wala baridi.

“Akilowa tena, mama, mimi sina dawa nyingine ya kumpa,” alisema.

Hakuinua sauti, wala haikuhitajika ainue. Wilkista alikuwa amezika watoto wawili, wote kwa kifua, wote wakati wa mvua ndefu.

Siku kumi zingetimia Jumapili. Nne zilikuwa zimekwisha, na hizo nne zilikuwa nyepesi kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Jumatatu homa ilikuwa imeshuka, miguu imepata nguvu, na Nakhungu alitaka kwenda nje, mahali ambapo bata wa jirani walikuwa wanakwenda na kurudi wapendavyo.

Nyumba ilikuwa ya mviringo, ya udongo na nyasi, yenye nguzo moja katikati na dirisha lisilozidi upana wa kitabu kilichofunguliwa. Mwanga ulioingia humo ulikuwa wa rangi ya maji ya mchele, na haukubadilika tangu asubuhi hadi jioni. Ndani ya mwanga huo Wilkista alijaribu kila alichokijua. Alivalisha gunzi la hindi kitambaa akalifanya mwanasesere. Nakhungu alilinyonyesha, akalifunga mgongoni, akalitia motoni. Shangazi alimpa maharagwe ayahamishe kutoka kikombe hadi kikombe, mpaka haragwe moja lilipoingia puani, na mchezo huo ukaisha kwa kupiga chafya. Paa lilivuja mahali patatu, na kila mahali palikuwa na chombo chake: sufuria, kikombe cha bati, debe. Waliketi mbele ya kila chombo wakingoja tone lianguke. Mwishowe Wilkista alimsimamisha mtoto juu ya nyayo zake mwenyewe, akamshika mikono, nao wakaizunguka nguzo ya kati polepole, miguu minne ikipiga hatua mbili, hadi Wilkista akasahau ni mara ngapi wamezunguka.

Alasiri alipoinama kuchochea moto, mtoto alitoka. Alikutwa nje hatua sita kutoka mlangoni, amesimama ndani ya dimbwi, maji yamemfika vifundoni. Jioni alikohoa mara saba. Wilkista alizihesabu.

Jumanne asubuhi alitafuta ubao wa sanduku la sabuni na vijiti viwili vyembamba, akaketi sakafuni.

“Njoo tuite kumbikumbi,” alisema.

Kwao Bungoma kumbikumbi hawangojwi. Mchwa wenye mabawa hukaa ndani ya kichuguu mpaka wasikie mvua, ndipo watoke kuruka. Na kama mvua inachelewa, wanawake huinyesha wao wenyewe. Hulaza ubao kando ya kichuguu, huketi wakaupiga kwa vijiti viwili, kwanza tone moja moja, halafu mengi, halafu bila kupumzika, mpaka walio chini waamini kwamba mawingu yamefika. Wakitoka hukusanywa, hukaangwa, hukaushwa, huliwa na ugali. Wilkista alijifunza kazi hiyo akiwa na miaka mitano, na mikono yake ilikuwa bado inaikumbuka.

Alipiga tone moja. Nakhungu alitazama juu, kwenye paa. Alipiga matatu. Mtoto alitazama ubao. Wilkista alipoiacha mvua ije yote, vijiti vikienda hata havionekani, Nakhungu aliketi chini kwa kishindo, mdomo wazi, akatulia kama mtu anayesimuliwa habari za kwao.

“Tena, Senge,” alisema mvua ilipokatika. Senge ni shangazi, na lilikuwa mojawapo ya maneno yake kumi na moja.

Siku hiyo hakwenda mlangoni hata mara moja. Alipewa vijiti vyake mwenyewe, akapiga ubao, kisha sufuria, debe, kigoda, chungu, kuta. Kila kitu kilinyesha mvua yake. Nje mvua iliendelea juu ya nyasi bila sauti ya kutosha kuitwa sauti. Ndani ilinyesha nyingine, ndogo na kavu, na Wilkista, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu Alhamisi, alisikiliza zote mbili akiwa ameegemea kitanda. Kwa muda alikuwa Bungoma, mama yake yuko kulia kwake, ardhi mbele yao inaanza kufunguka kwa vitundu vidogo. Alipofumbua macho moto ulikuwa umepungua kidogo tu. Mtoto alikuwa bado anapiga.

Jumatano ilikuwa hivyo hivyo. Mchana, akiwa kati ya usingizi na kukesha, Wilkista alisikia vijiti vikigonga debe. Alifungua jicho moja. Debe lilikuwa kushoto, karibu na mlango, na mtoto alikuwa katikati ya nyumba, amechuchumaa mbele ya nguzo. Wilkista alifikiri kwamba ameota, akafumba jicho.

Alhamisi saa tano Kabura aliingia akiwa na viazi vitamu ndani ya kikapu chake cha ciondo. Alikuwa jirani yao wa karibu, mke wa Mbugua mpasua mbao, na nyumba yake ya mabati ilikuwa hatua mia nne kutoka pale. Mbugua mwenyewe alikuwa kazini mlimani tangu mwezi wa Machi.

“Senge wa Nakhungu, nini hiyo inalia hapa? Nimesikia kutoka njiani nikafikiri ni mvua ya mawe.”

“Karibu, Mama Wacera. Funga mlango kwanza. Ni mtoto anaita kumbikumbi.”

“Ndani ya nyumba?”

“Ni mchezo tu.”

“Nyinyi watu wa Bungoma mko na mambo. Kwetu mdudu akiingia nyumba tunamwagia maji moto. Nyinyi mnampigia ngoma akuje mkule pamoja.”

“Si nasikia wewe pia ulikula mwaka jana? Eliakim aliniambia. Ati ukarudia sahani.”

“Nilifikiri ni nyama imesagwa, bana. Na kulikuwa giza.”

Wilkista alicheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kabura alimkalisha mtoto mapajani, akammenyea kiazi, akamtazama kifua kinavyopanda na kushuka.

“Lakini mimi nasema ukweli,” aliendelea. “Mbugua alimwambia ndugu yako siku ile wanajenga. Alimwambia, chimba hii kichuguu, toa malkia, jaza majivu, halafu weka nyumba. Ndugu yako akasema ati hiyo ni mali.”

“Ni mali.”

“Mali iko chini ya kitanda?”

Kabura alikuwa ameeleza jambo kama lilivyotokea. Eliakim alipopewa kiwanja hicho na mwenye shamba mwaka 1943, kichuguu kilikuwa kimesimama mahali pakavu pekee. Alikata sehemu ya juu, akaueneza udongo wake kuwa sakafu, kwa maana hakuna udongo unaokazana kama huo. Malkia hakumgusa. Kwao kichuguu kina mwenyewe, hurithiwa na mwana kutoka kwa baba, na mtu anayemtoa malkia huhesabiwa kuwa amejinyima chakula cha miaka ijayo. Alijenga ukuta ili kichuguu kibaki nyuma ya nyumba, nusu nje, nusu ndani. Kila Aprili alivuna madebe mawili.

Kabura alipoondoka, Nakhungu alirudi kwenye nguzo. Sasa Wilkista alikuwa macho. Kijiti kiligonga, na nguzo ikalia kama kitu chenye nafasi ndani.

Jioni Eliakim alirudi kutoka ghala la mahindi lililo karibu na stesheni ya Kitale, ambako alikuwa karani. Alivua viatu, akavitundika juu ya moto. Wilkista alimpa ugali kabla ya kumwuliza.

“Eliakim, umewahi kusikia hiyo nguzo ikilia?”

“Nguzo hailii, dada. Ni mti.”

“Mtoto akiigonga inalia kama debe.”

Eliakim aliinuka, akaipiga nguzo kwa ngumi usawa wa kifua chake. Ilitoa sauti fupi, nzito, isiyo na mwangwi. Alipiga tena juu kidogo.

“Sikia. Huo ni mti wa mlimani, Mbugua mwenyewe aliupasua. Mimi nitazeeka, huo utabaki hapo.”

“Labda ni masikio yangu.”

“Ni usingizi. Umekonda, dada. Mama ataniuliza.”

Wilkista aliinuka naye, akapiga pale pale alipopiga ndugu yake, akaridhika. Wote wawili walikuwa wamesimama. Hakuna aliyechuchumaa kugonga mahali ambapo mkono wa mtoto hufika.

Ijumaa Eliakim alitoka saa kumi na mbili na nusu, akisukuma baiskeli kwa sababu matope hayakuruhusu kuipanda. Alisema kwamba barabara ya mjini ikifungwa na maji atalala ghalani. Saa nne mpita njia alileta habari kwamba imefungwa.

Mchana mvua ilikatika kwa muda wa saa moja hivi, jua likatokea, mvuke ukapanda kutoka kwenye nyasi za paa. Kisha ikarudi. Saa ya mezani ya Eliakim ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Nakhungu alikuwa chini ya nguzo, akipiga sakafu na nguzo kwa zamu, kwa bidii, ulimi nje. Alikuwa amejifunza mpangilio wote: tone, matone, mvua, kimya.

Katika kile kimya, kumbikumbi wa kwanza alitoka.

Alitoka kwenye ufa wa sakafu, akasimama, akanyoosha mabawa marefu kuliko mwili. Wa pili alimsukuma. Halafu sakafu ikaanza kuchemka kimya kimya. Walitoka kumi, walitoka mia, wakapanda hewani bila mpango wowote, wakagongana na mwanga wa dirisha na mwanga wa moto. Nyumba ilijaa mchakacho mdogo kama wa karatasi nyingi zinazofunuliwa mbali. Nakhungu hakulia. Aliinua mikono yote miwili, nao wakatua kwenye vidole vyake, kwenye nywele, kwenye kope, wakayaacha mabawa yao hapo wakaenda zao. Alicheka polepole, kwa sauti ya chini, kama anayecheka akiwa usingizini. Wilkista alisimama katikati ya mabawa, na hakuweza kusema baadaye kama alisimama dakika moja au kumi. Saa ilisema dakika nne.

Kisha mikono yake ikafanya ilichozoea. Alichukua sufuria akaanza kukusanya. Alichuchumaa karibu na mtoto, na kutoka hapo, uso wake ukiwa sawa na uso wa Nakhungu, aliona kwamba si wote waliokuwa wanatoka sakafuni. Wengine walikuwa wanatoka kwenye nguzo.

Palikuwa na tundu usawa wa goti. Alichukua kisu cha jikoni, akakibonyeza kando ya tundu. Kiliingia hadi mpini. Alikitoa, akajaribu upande wa pili. Kiliingia hadi mpini. Alipanda nacho juu, akibonyeza kila mahali: kuanzia usawa wa kiuno chake mti ulikuwa mgumu kama alivyosema Eliakim. Chini ya hapo, nguzo ilikuwa ganda na udongo.

Alitazama juu. Miti yote ya paa ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mitano. Lakini pale ilipolala juu ya kichwa cha nguzo, kila mti ulikuwa na alama nyeupe, mbao safi ambayo moshi haujaiona, upana wa kidole kimoja. Kwa hiyo miti ilikuwa imeteleza, na kwa hiyo nguzo ilikuwa imeshuka. Nyasi zilikuwa zimekunywa maji siku kumi. Aliketi, akamshika mtoto, akaikazia macho alama moja. Saa tisa na nusu ilikuwa kidole kimoja. Saa kumi kasoro dakika kumi ilikuwa kidole na nusu.

Hakukuwa na mahali pengine kiwanjani. Ghala la nafaka lilikuwa limejaa hadi juu, na jiko la nje lilikuwa paa lisilo na kuta. Ilibaki nyumba ya Kabura. Kati ya hapa na pale kulikuwa na hatua mia nne za mvua, na Rotich alisema asilowe. Wilkista aliyapima mambo hayo mawili. Moja lilisemwa na mtu anayejua kifua, ambaye hakuiona nguzo. Lingine alikuwa analiona kwa macho yake. Alifikiri pia juu ya wale wawili aliowazika Bungoma, kwa muda mfupi, kisha akaacha, kwa sababu hilo halikuwa na kipimo.

Alimvisha mtoto kila nguo iliyokuwa kavu. Alimtia ndani ya gunia, akalitia gunia hilo ndani ya la pili, akaisukuma pembe moja ya gunia la nje ndani ya nyingine ikawa kofia ya kufunika kichwa na mabega, kama wafanyavyo wapalizi. Alimfunga kifuani kwa shuka. Juu ya wote wawili alijitwika ngozi ya ng'ombe ya kulalia, manyoya yakiwa ndani.

“Kumbikumbi,” Nakhungu alisema kutoka ndani ya gunia. Alikuwa anadai.

“Watabaki. Sisi tunaenda kwa Mama Wacera.”

“Tena.”

“Nipige mimi. Piga hapa.”

Vidole vilianza kugonga mfupa wa bega lake. Alitoka saa kumi kamili.

Alihesabu hatua kwa sababu kuhesabu kulimzuia kukimbia, na kukimbia kungemwangusha. Njia ilikuwa mfereji. Maji yalipiga ngozi juu ya kichwa chake kwa sauti ya ubao, na chini ya sauti hiyo vidole vya mtoto viliendelea, tone, matone, tone. Mahindi machanga pande zote mbili yalikuwa yamefunikwa na ukungu, na kwa hatua mia moja hivi hapakuwa na kitu duniani ila magunia mawili na joto lililokuwa ndani yake. Hatua ya mia mbili na sitini aliteleza. Goti la kushoto lilipiga jiwe. Hakuinua mkono kujizuia, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika ngozi. Alibaki amepiga goti mpaka akawa na hakika kwamba ngozi haijafunguka, kisha akainuka. Kutoka hapo alianza kuhesabu upya, moja.

Kabura alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi.

“Senge, umekuwa ng'ombe?”

“Mchukue mtoto. Usinishike mimi, nimelowa. Mchukue yeye.”

Walimfungua mbele ya moto, gunia baada ya gunia. Gunia la nje lilikuwa limelowa mabegani. La ndani lilikuwa kavu, isipokuwa mkunjo mmoja. Nywele za mtoto zilikuwa na unyevu upande wa kushoto, upana wa kiganja. Nyayo zilikuwa kavu. Wilkista alizishika moja moja, akazishika tena.

“Sema ni nini,” Kabura alisema.

“Nguzo imeliwa. Nyumba inashuka.”

Kabura alizikausha nywele za mtoto kwa leso yake mwenyewe.

“Mbugua alisema,” alisema hatimaye, bila ushindi wowote. “Kaa chini. Goti lako linatoka damu kwa sakafu yangu.”

Wilkista aliketi. Mtoto alikunywa uji, akalala mapajani pake na vidole vimekunjwa. Mvua ilipiga mabati kwa kelele nyingi kiasi kwamba kama kitu chochote kilianguka hatua mia nne kutoka pale, hawakukisikia.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi Eliakim alifika kwake akiisukuma baiskeli, akakuta paa limeegemea ardhini upande wa magharibi. Kuta zilisimama, isipokuwa ile ya nyuma. Kitanda cha mtoto kilikuwa chini ya miti minne. Saa ya mezani ilipatikana ikiwa imesimama kwenye saa kumi na mbili na dakika tano. Alipiga kelele jina la dada yake mara mbili, akaona nyayo njiani zikiwa zimejaa maji, akazifuata.

Aliingia kwa Kabura bila kubisha hodi. Mtoto alikuwa akila kiazi. Eliakim alimtazama, akamtazama dada yake, akavua kofia.

“Dada, niligonga juu,” alisema.

“Hata mimi niligonga juu. Kalete dresa.”

Rotich alifika saa nne na robo akiwa amelowa mpaka shingoni. Aliombwa akae, akakataa mpaka amwone mgonjwa. Wilkista alimweleza yote kwa mpangilio: hatua mia nne, gunia la ndani kavu, nywele upana wa kiganja, kikohozi mara mbili usiku na mara moja alfajiri. Hakuomba msamaha. Rotich alikausha sikio lake kwa kitambaa, akaliweka mgongoni pa Nakhungu, kulia, kushoto, kulia tena. Mvua ilikuwa bado inapiga mabati, ikambidi Kabura asimame akimfunika kichwa kwa blanketi ili asikie.

“Liko kama nilivyoliacha, na bora kidogo,” alisema alipotoka chini ya blanketi.

Alitia kipimajoto kwapani pa mtoto, akahesabu kwa midomo, akakitoa, akakigeuza kuelekea dirishani. Kilisema tisini na nane na nukta nne.

Rotich alisema hana homa. Wilkista alimwomba apime tena. Rotich alikikung'uta, akakirudisha, akahesabu upya, akakitoa. Kilisema tisini na nane na nukta nne.